Kuotesha mcheri kwa kokwa nyumbani: kwa nini haioti, na mti unaopata ni wa namna gani

#1 – Mleta uzi

Wadau, habari za wakati huu.

Kila msimu wa cheri ukifika malalamiko ni yaleyale. Mtu kala tunda tamu, kafukia kokwa kwenye chungu, kamwagilia miezi miwili, hakuna kilichotoka. Akiuliza anajibiwa kwa mkato, "weka kwenye friji", na hapo ndipo wengi wanapoharibu zaidi, maana hawakuambiwa friji inafanya kazi gani. Naomba nieleze kwa kirefu. Mcheri wa kokwa unaoteshwa nyumbani bila vifaa vya ajabu, ila una masharti yake, na kubwa kuliko yote ni hili: mbegu lazima ipite kwenye baridi yenye unyevu, kwa muda wa kutosha, bila kukatizwa.

Sababu iko kwenye maisha ya mti wenyewe. Mcheri ni mti wa sehemu zenye majira ya baridi. Matunda yanaiva mwanzoni mwa kiangazi, ndege wanayala na kudondosha kokwa chini. Mbegu ingeota palepale, baridi ingeukuta mche bado laini na kuuua. Kwa hiyo ndani ya kiini kuna vizuizi, kimojawapo ni homoni iitwayo asidi absisiki, vinavyoishikilia mbegu usingizini. Wiki nyingi za baridi zinapopita, vizuizi hivyo vinashuka taratibu hadi mbegu iwe tayari kuamka. Ikikosa unyevu wakati huo, kazi hiyo haifanyiki. Ikipata joto katikati, kazi iliyokwisha kufanyika inaweza kurudi nyuma.

Tuanze na tunda. Chukua cheri mbivu kabisa, ambazo hazijapikwa. Za kopo, za sharubati na zilizokaushwa kwa moto kiini chake kimekufa, usipoteze muda nazo. Kuna jambo lingine ambalo watu wengi hawaambiwi: zile aina zinazoiva mapema sana, za kwanza kabisa kutokea msimuni, mara nyingi tunda lake huiva kabla kiini hakijakomaa. Kokwa kwa nje unaiona nzima, ukiipasua unakuta kiini kimesinyaa. Chukua cheri za katikati au mwisho wa msimu, na uchukue kokwa nyingi, ishirini au thelathini, kwa sababu hazitaota zote hata ukifanya kila kitu sawasawa.

Safisha mpaka pasibaki hata uzi wa nyama. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu, sugua kwa brashi au kitambaa kikavu kigumu, suuza, rudia. Nyama na sukari inayobaki kwenye ule mfereji wa ubavuni mwa kokwa ndiyo inayoleta ukungu baadaye. Kisha zitumbukize kwenye maji: zinazozama ni za kuaminika zaidi, zinazoelea mara nyingi ni tupu. Nasema mara nyingi, kwa sababu kokwa iliyokauka nayo inaelea ikiwa na kiini kizuri. Kama zako zimekaa kavu siku nyingi, ziloweke kwanza siku moja au mbili, ukibadilisha maji, ndipo uamue.

Sasa kitanda cha baridi. Chukua mchanga safi wa mto, au mchanga uliochanganywa na vermikulaiti (chembe nyepesi za madini zinazoshika unyevu), au vumbi la mbao lisilo na dawa. Lowanisha, kisha kamata konzi moja na uikamue kwa nguvu. Likitoka tone moja au mawili, unyevu umetosha. Yakichuruzika, punguza maji, maana mbegu inahitaji hewa na kwenye tope itaoza. Changanya kokwa humo, weka kwenye mfuko wa nailoni au chombo chenye mfuniko, acha upenyo mdogo wa hewa, andika tarehe na aina.

Kabla ya friji, acha mfuko huo mahali penye joto la kawaida la ndani, kama nyuzi 20, kwa wiki mbili hivi. Hatua hii wengi wanairuka, na kwa cheri tamu inasaidia kweli, kwa sababu ndivyo mbegu ilivyozoea porini: inaanguka ardhi ikiwa bado na joto, baridi inafuata. Baada ya hapo peleka kwenye friji, sehemu ya kawaida, nyuzi 3 hadi 5. Muda ni siku 90 hadi 150. Kila wiki mbili fungua mfuko, upitishe hewa, angalia unyevu, toa iliyoshika ukungu.

Si kwenye friza jamani. Kwenye barafu mbegu haihesabu baridi, shughuli zote za ndani zinasimama, na kiini kilicholowa maji kinaweza kupasuka seli. Baridi inayohesabika ni ile ya juu kidogo ya sifuri.

Ukiona kokwa imejipasua kwenye mshono na kincha cheupe kinachungulia, hiyo imeamka. Tutafika huko. Karibuni kwa maswali.


#2

Mkuu ubarikiwe kwa uzi huu. Swali: nimeona watu wanavunja ganda la kokwa na kutoa kiini, wanasema kinaota haraka zaidi. Kuna ukweli?


#3 – Mleta uzi

Ukweli upo, ila nusu. Ganda gumu linachelewesha maji na linambana mche kimitambo, kwa hiyo ukiliondoa unaokoa muda. Lakini usingizi hauko kwenye ganda peke yake, uko kwenye kiini chenyewe na ile ngozi ya kahawia inayokifunika. Kiini kitupu kilichotolewa kwenye ganda bado kinadai baridi, pengine kwa muda mfupi zaidi. Anayekuambia "vunja, panda, kitaota wiki ijayo" anakudanganya.

Ukitaka kuvunja, usitumie nyundo juu ya jiwe, nusu ya mbegu zako zitakwenda. Tazama kokwa vizuri: ina mshono unaoizunguka kwa urefu, upande mmoja umetokeza kama ukingo. Ibane kwenye koleo au jiliwa huku mshono umeelekea kwenye meno ya kifaa, kaza kidogo kidogo. Itafika mahali utasikia mlio mdogo wa kukatika, hapo hapo acha. Ingiza ncha ya kisu kwenye ufa, geuza, nusu mbili zitaachana na kiini kitadondoka kikiwa kizima. Kiini kizuri kimejaa, kigumu, ngozi yake ya kahawia imekaza. Chenye alama ya kidonda hata kidogo kitaoza ndani ya mfuko na kuambukiza vingine, kwa hiyo kitoe mapema.

Na hapa naomba niwe mkali kidogo. Viini vya cheri vina amigdalini, ambayo ikitafunwa au kusagwa inazalisha sianidi. Mtu akimeza kokwa nzima kwa bahati mbaya, kwa kawaida inapita tu ilivyo. Hatari iko kwenye kiini kilichopasuliwa na kutafunwa. Ukivunja kokwa mezani, hesabu ulizovunja, zifungie, futa meza, usiache mtoto mdogo akacheza hapo.

Binafsi naziacha kwenye ganda lake. Kokwa nzima inastahimili uzembe mdogo wa unyevu, kiini kitupu hakistahimili.


#4

Mleta uzi, umeeleza vizuri, lakini mimi friji naiona ni usumbufu. Nilipo kuna baridi ya kweli miezi minne. Mwanzo wa vuli nafukia kokwa kwenye masanduku ya mchanga nje, nafunika kwa wavu wa chuma, naondoka zangu. Zinaota zenyewe majira ya kuchipua yakifika, na miche inakuwa na nguvu kuliko ya friji. Wavu ni lazima, panya wanazichimbua zote usiku mmoja.


#5 – Mleta uzi

Mkuu #4 yuko sahihi, na kwa mwenye majira kamili ya baridi ningemshauri afanye hivyohivyo. Nje mbegu inapata joto la vuli, inapata baridi, inapata kupanda na kushuka kwa majira kama inavyotakiwa. Kasoro ni mbili. Huioni, kwa hiyo hujui iliyooza na iliyo hai. Na baridi ya mwaka huo ikiwa haba, baadhi ya kokwa zitalala mwaka mzima na kuota majira ya kuchipua ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo usimwage sanduku kwa sababu halijatoa kitu mwaka wa kwanza. Liache, lilinde lisikauke.

Kuna suala la kalenda ambalo linawachanganya watu wa friji. Cheri za nusu ya kaskazini ya dunia zinaiva zaidi Juni na Julai. Ukiziingiza kwenye baridi palepale, zitaamka Oktoba au Novemba, na utakuwa na miche midogo mwanga ukiwa unapungua. Bora kokwa uzisafishe, uzianike kivulini siku chache zikauke juu tu, uzihifadhi sehemu ya ubaridi hadi vuli, ndipo uanze. Usizianike juani mpaka zikakamaa, kiini cha cheri hakipendi ukavu mkali. Lakini ukipata cheri zilizotoka kusini, mathalani Chile ambayo inaongoza kwa kuuza cheri nje, hizo zinafika Desemba na Januari. Ukizianza mara moja, zinamaliza baridi yake Aprili au Mei, muda mzuri kabisa kwa aliye kaskazini. Kwa aliye kusini mambo yanageuka.


#6

Samahani wakuu, mimi naishi ukanda wa joto, baridi yetu ni jina tu. Nikiotesha kwa friji kama ulivyoelekeza, mti utanizalia?


#7 – Mleta uzi

Dada au kaka #6, nakujibu wazi kwa sababu ni bora ujue sasa kuliko baada ya miaka minane. Kuota itaota. Friji imeipa mbegu baridi yake. Shida ni kwamba mti nao, kila mwaka, unadai baridi yake mwenyewe, na huwezi kuuingiza kwenye friji.

Machipukizi ya mcheri yakishalala yanahitaji saa nyingi za ubaridi, kwa kipimo kinachotumika sana ni saa zilizo chini ya nyuzi 7. Aina nyingi za cheri tamu zinadai takriban saa 700 na kuendelea, nyingine zinapita 1,000. Mti usipozipata, majani yanachipua kwa mafungu, tawi moja leo jingine mwezi ujao, maua yanakuwa machache au hayaji kabisa. Unabaki na mti wa majani. Zipo aina zilizozalishwa kwa ajili ya sehemu zenye baridi fupi, kama Minnie Royal na Royal Lee, ambazo zinatosheka na saa mia kadhaa tu na zinachavushana zenyewe kwa zenyewe, lakini hizo nazo si za joto la mwaka mzima. Nyanda za juu sana ambako usiku kuna ubaridi wa kweli unaweza kujaribu, ila ujaribu kwa aina hizo, na kwa mche wa kubebesha, yaani uliounganishwa kipande cha mti mwingine juu ya shina lake.

Kama unachotaka ni tunda dogo jekundu lenye ukakasi mtamu, kuna miti mingine inayoitwa cheri ambayo haihusiani na mcheri kwa ukoo. Cheri ya Surinam, Eugenia uniflora, tunda lake lina matuta ubavuni, na mbegu yake haitaki baridi kabisa: inapandwa mbichi mara tu ikitoka kwenye tunda, ikikauka inakufa. Nyingine ni cheri ya Barbados, yenye vitamini C nyingi sana, ambayo huzalishwa zaidi kwa vipandikizi kuliko mbegu. Hizo zitakuzalia mahali ambapo mcheri unakutesa.


#8

Wakuu nisaidieni haraka! Zangu tatu zimetoa mizizi ndani ya friji, mmoja una urefu kama wa punje ya mchele, mwingine umeshajikunja. Nizipande zote sasa au nisubiri nyingine?


#9 – Mleta uzi

Panda hizo tatu leo, nyingine ziache palepale kwenye baridi. Hazitaamka pamoja, na hiyo ndiyo tabia yake.

Chukua chombo kirefu, si kipana. Mcheri unateremsha mzizi mkuu kwanza kabla hujaona jani, kwa hiyo kina cha sentimita 20 hadi 30 ndicho kinachofaa, na matundu ya kutosha chini. Udongo uwe mwepesi: udongo wa juu, mboji iliyoiva vizuri, na mchanga. Samadi mbichi hapana. Toboa kishimo cha sentimita 2 au 3, laza kokwa mzizi ukielekea chini, funika bila kushindilia. Ule uliojikunja usijaribu kuunyoosha, utakatika. Uweke ulivyo, utajitafutia njia.

Halafu zingatia hili: usiutoe mfuko kwenye friji ukaupeleka mahali pa joto kali eti uharakishe zilizobaki. Kokwa ya cheri ikikutana na joto la nyuzi 25 kabla haijamaliza baridi, inaweza kuingia usingizi wa pili, na hapo unaanza kuhesabu upya. Hata zilizopandwa, ziweke mahali pa nyuzi 10 hadi 18 mpaka zitokeze.

Kitakachotokea ni shingo iliyopinda, halafu inajinyoosha ikiinua juu majani mawili ya mbegu, manene, yenye umbo la yai. Mara nyingine yanapanda yakiwa bado yamevaa nusu ya ganda. Usilibandue kwa kucha, linyunyizie maji lilainike, litadondoka. Majani ya kweli yanafuata, membamba zaidi, yenye meno madogo ukingoni.

Wiki hizi za kwanza adui ni kinyaushi. Mche unaonekana mzima asubuhi, jioni umelala, ukiangalia shina usawa wa udongo limekuwa jembamba na jeusi. Ukifika hapo hauponi. Kinga ni kumwagilia kwa kiasi tena asubuhi, hewa ipite, mwanga uwepo wa kutosha, na juu ya udongo utandaze mchanga mkavu kidogo ili shingo ya mche isikae kwenye unyevu.


#10

Mimi swali langu ni moja tu. Nimekula cheri ya aina iitwayo Bing, tamu ajabu. Nikipanda kokwa yake nitapata Bing?


#11 – Mleta uzi

Hapana. Na naomba nikae hapa kidogo, maana hili ndilo linalotakiwa kukaa kichwani kabla mtu hajachafua mikono yake.

Mti wa Bing wowote unaouona ni kipande cha mti uleule mmoja wa kwanza, umebebeshwa tena na tena. Kokwa yake ni mtoto, na mtoto ana baba. Cheri tamu nyingi haziwezi kujichavusha: chavua ikitua kwenye ua la mti uleule, ua linaitambua kwa vinasaba fulani na kuizuia isifike kwenye yai. Hata majirani wengine hawafai. Bing, Lambert na Napoleon wana alama zilezile za vinasaba hivyo, ukipanda hizo tatu peke yake shambani, zitachanua vizuri na hutavuna. Kwa hiyo kokwa ya Bing lazima ilipata chavua kwa aina tofauti, na ni ipi hujui. Mche utakuwa na nusu ya mama na nusu ya mgeni.

Tunda laweza kuwa zuri, laweza kuwa dogo lenye uchungu na kokwa kubwa. Mara nyingi linakuwa la kawaida, chini ya mama. Lakini msikate tamaa kwa hilo! Bing yenyewe ilitoka kwenye mbegu. Aliiotesha Seth Lewelling huko Milwaukie, jimbo la Oregon, Marekani, miaka ya 1870, na jina lilitokana na msimamizi wake wa shamba, Mchina aliyeitwa Ah Bing. Kisha mwaka 1952 huko Prosser, jimbo la Washington, Bing ikachavushwa na aina iitwayo Van, kokwa zikaoteshwa, na mmoja wa miche ile ukawa Rainier, ile cheri ya manjano yenye shavu jekundu. Aina zote mnazozisifu, mahali fulani nyuma yake kuna mtu aliyeotesha kokwa na kuvumilia. Mti wa kokwa ni mti mpya, haujawahi kuwepo duniani, na mimi hilo linanipa raha kila mche unapotokeza.

Kuna njia ya kujiongezea nafasi. Zipo aina zinazojichavusha zenyewe. Ya kwanza ya kibiashara ilikuwa Stella, iliyotolewa Summerland nchini Kanada mwaka 1968, na Lapins ikafuata baadaye. Aina hizi zina kinasaba kimoja kilichoharibiwa makusudi kwa mionzi, kiasi kwamba ua halitambui tena chavua yake. Ua la Stella likijichavusha, chavua inayofaulu ni ile tu yenye kinasaba hicho, maana ile nyingine inazuiwa kama kawaida. Kwa hiyo kila mtoto wa kujichavusha anakirithi, naye atazaa akiwa peke yake bustanini. Kama una mti wa Stella au Lapins mbali na micheri mingine, au umefunika tawi kwa chandarua kipindi cha maua, kokwa zake ni mali.

Muda je? Mche wa kokwa mara nyingi unachukua miaka 5 hadi 8 kuona ua la kwanza, wakati mwingine zaidi. Wa kubebesha ni miaka 3 au 4. Ukiwa na haraka, kokwa si njia yako.

Nikumbushe pia kuna cheri chachu, Prunus cerasus, kama Montmorency. Watu wanaidharau kwa uchachu wake, lakini kwa anayeotesha nyumbani ina faida: mti wake ni mdogo, unahimili baridi zaidi, na aina nyingi zinajichavusha. Kokwa zinataka baridi ileile. Ukiwa na uwanja mdogo, ningeanzia hapo.


#12

Naongezea kwa uzoefu wa kitaluni. Wengi hawafikirii ukubwa. Mcheri tamu wa kokwa ukiachwa unaweza kupita mita 15. Si mti wa kupanda mita mbili kutoka ukutani! Bustani zinazouza cheri zinabebesha kwenye mashina ya kudumaza kama Gisela 5, iliyozalishwa Giessen huko Ujerumani, mti unabaki karibu nusu ya ule wa kokwa na unawahi kuzaa.

Lakini miche yenu ya kokwa isitupwe. Inafaa sana kuwa shina la kubebeshea. Shina likifika unene wa penseli, chukua kikonyo, yaani kijitawi cha kuunganishia, kutoka kwenye mti unaoujua tunda lake. Kwa kubebesha kijicho, yaani chipukizi moja tu linalochomekwa chini ya gome lililochanwa umbo la T, fanya kiangazi gome likiwa linabanduka kirahisi. Kwa kuunganisha tawi, kata vikonyo mti ukiwa umelala, vihifadhi kwenye ubaridi vikiwa vimefungwa, uunganishe mwishoni mwa baridi. Tabaka la kijani chini ya gome la shina na la kikonyo lazima yagusane angalau upande mmoja, funga mkanda ukaze, ziba kwa nta. Na unaweza kubebesha tawi moja tu, mengine ukayaacha yazae tunda lake la asili. Mti mmoja, cheri mbili, na mara nyingi zinachavushana.


#13 – Mleta uzi

Mkuu #12 ahsante sana, hiyo ya kuacha matawi mengine ndiyo ningemshauri kila mtu. Unapata uhakika na bado unaona mti wako mpya ulikuja na nini.


#14

Na sakura, ile micheri ya maua ya Wajapani? Nina kokwa ndogo nyeusi niliokota chini ya mti.


#15 – Mleta uzi

Zitaota kwa utaratibu huuhuu, ila maua hayatakuwa yale uliyoyapenda. Somei-Yoshino, ile inayofunika miji ya Japani kwa maua, yote ni ya kubebesha kutoka asili moja, ndiyo maana inachanua kwa pamoja. Yenyewe kwa yenyewe haichavushani, hivyo kokwa uliyookota ina baba mwingine. Na sakura zenye maua ya tabaka nyingi kama Kanzan kwa kawaida hazina kokwa kabisa.


#16

Wafugaji muwe makini. Majani ya mcheri yaliyonyauka ni hatari kwa mbuzi na ng'ombe, sianidi ileile aliyoitaja mleta uzi. Ukikata matawi usiyatupe zizini wala karibu na uzio wanakofikia.


#17 – Mleta uzi

Ni kweli kabisa, na tawi lililovunjwa na upepo linahesabika vilevile. Liondolewe siku hiyohiyo.


#18

Wangu una mwaka wa pili, uko kwenye ndoo, umefika kifuani. Umetoa kitu kama gundi kwenye shina na majani ya juu yamejikunja. Nihamishie ardhini? Nipogoe?


#19 – Mleta uzi

Tuanze na majani. Geuza moja uangalie chini, ukikuta vidukari vyeusi vimejazana, ndio wanaoyakunja. Ncha zilizoshambuliwa zipitishie maji yenye sabuni kidogo, ukisugua kwa vidole, rudia baada ya siku chache. Angalia na sisimizi, ukiwaona wanapanda shina, wanafuata utamu wa vidukari hao na wanawalinda, wazuie kwa mkanda unaonata.

Gundi kwenye shina ni namna mcheri unavyolalamika. Inaweza kuwa kidonda cha kawaida, au maji yamekaa chini ya ndoo, maana mizizi ya mcheri haivumilii kabisa kutuama. Hakikisha matundu hayajaziba. Ila ukibonyeza gome pale ulipotoka utomvu ukakuta pamebonyea, peusi, pana harufu mbaya, huo ni ugonjwa wa bakteria, na hapo unakata hadi kwenye mti mweupe mzima, na kisu unakisafisha kwa spiriti kila baada ya mkato.

Kuhamisha usihamishe sasa ukiwa na majani. Subiri yadondoke, mti ulale, uhamishe kabla machipukizi hayajaanza kuvimba. Chagua mahali pa jua, udongo usiotuamisha maji, usio na chumvi wala asidi kali, pH ya 6 hadi 7 inafaa. Shimo liwe pana kuliko kina, shingo ya mzizi ibaki usawa ileile iliyokuwa kwenye ndoo. Tandaza matandazo lakini yasiguse shina. Mbolea ya kukuzia usiimwage kwa wingi, inaleta matawi laini yanayoalika vidukari na baridi.

Kupogoa, ngoja kiangazi siku kavu. Miti mingine inapogolewa ikiwa imelala, mcheri usiufanyie hivyo, kwa sababu vidonda vya majira ya baridi na mvua ndipo kuvu wa ugonjwa uitwao jani la fedha na bakteria wa vidonda vya gome wanapoingilia. Kwa mwaka huu kata tu lililokufa na matawi yanayosuguana. Ukishakagua lile gome, piga picha ya karibu uilete hapa, tuone kama ni gundi ya kawaida au tunahitaji kisu.